Magaga ya njano puani mwa mwanangu

*Daktari, mwanangu wa miaka 4 alitokwa na vipele puani. Vimepasuka, vina magaga ya njano, na sasa vimeingia shavuni na mkononi. Jirani anasema ni choa. Duka la dawa wamenipa krimu ya mchanganyiko, napaka lakini vinazidi. Nifanyeje? – Mama wa Tanga*

Pole sana, mama. Unayoyaeleza hayafanani na choa. Choa hutanuka polepole kwa duara, ukingo ukiwa na magamba makavu na katikati pakipata nafuu. Vipele vinavyopasuka, vikatoa majimaji na kuganda magaga ya rangi ya asali kuzunguka pua na mdomo, kwa kawaida ni maambukizi ya bakteria, stafilokokasi au streptokokasi. Huwapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 5. Tabibu huyatambua kwa macho. Usaha huoteshwa maabara pale dawa zinaposhindwa au vidonda vinaporudi.

Krimu hiyo iache, ila nenda nayo kituo cha afya. Nyingi za aina hiyo zina steroidi: mwasho unatulia, maambukizi yanaendelea, na ugonjwa unabadilika sura hata kumbabaisha mtaalamu.

Mkague pia katikati ya vidole na kwenye viganja. Anajikuna sana usiku? Huenda ana upele wa kuambukiza, na bakteria wameingilia alipojikwaruza. Ikiwa ndivyo, nyumba nzima itibiwe kwa wakati mmoja, la sivyo vidonda vitarudi.

Jambo linaloniumiza ni hili: wazazi huambiwa watazame wekundu ili wajue kama maambukizi yanaenea. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Utaona zambarau, kahawia iliyokolea, au usione kitu. Tumia mkono. Pana joto kuliko pembeni? Pamevimba, pamekaza, anashtuka ukimgusa? Zungushia ukingo wa uvimbe kwa kalamu, na ukivuka mstari usisubiri. Akipata homa, jicho likivimba, au maumivu yakizidi kidonda kinavyoonekana, mkimbize hospitali hata usiku wa manane.

Wengi husahau figo. Streptokokasi wa ngozini wanaweza kuziathiri wiki kadhaa baada ya vidonda kukauka. Uso ukivimba asubuhi, au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, mrudishe, na umwambie tabibu kwamba alikuwa na vidonda.

Mpeleke kesho. Mkate kucha, taulo lake asishirikiane na mtu, na shule ya awali apumzike mpaka magaga yakauke au siku 2 zipite tangu aanze antibiotiki. Dozi amalize.