SOMO: Maji ya Shamba Yapitie Kwenye Matete



Twende kwanza mtoni wakati wa kiangazi. Hapa Machakos mito mingi hubaki mchanga mtupu, lakini sote twajua maji yako chini. Mama anachimba kisima kidogo mchangani, anangoja maji yajae, anateka. Sasa tujiulize: mvua iliyojaza mchanga huo ilipita wapi? Ilipita kwenye boma la ng'ombe, ikapita kwenye nyanya zilizowekwa mbolea na kupigwa dawa. Mchanga huchuja matope, lakini mbolea iliyoyeyuka hupita tu. Anayekunywa ni jirani wa chini.

Mwethya umetusaidia kuchimba fanya juu, na udongo umebaki shambani. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza, tusiiache. Ya pili ni kinamasi kidogo cha kuchimba wenyewe. Si jambo geni: Nairobi kilijengwa kimoja mwaka 1994 kusafisha maji machafu ya mkahawa wa Carnivore.

Kinafanyaje kazi? Maji yakipunguza mwendo, matope hutua chini. Vijidudu vinavyoishi kwenye mizizi ya matete hula uchafu na kugeuza sehemu ya mbolea kuwa hewa. Matete nayo hunyonya kiasi.

Namna ya kutengeneza:

1. Angalieni mvua ikinyesha, maji ya boma na shamba yanapita wapi. Chagueni mahali hapo, mbali na kisima na kando ya mto. Kanuni za mwaka 2006 zilikataza kulima ukingoni, angalau mita 6 kutoka mtoni.
2. Chimbeni shimo la kutuliza matope.
3. Chini yake chimbeni mtaro mpana, kina futi moja hadi mbili, urefu mara tatu ya upana. Shindilieni udongo wa mfinyanzi chini ili maji yasinywee.
4. Pandeni matete ya hapa hapa. Mkiweza, jazeni kokoto, maji yabaki chini yake, mbu wasizaliane.
5. Maji yakitoka, yaende kwenye nepia au migomba.

Kazi hii ifanywe kabla ya mvua za Oktoba. Kila mwaka kateni matete na kuyaondoa, maana yakiozea humo yanarudisha uchafu. Matope ya shimo yarudisheni shambani. Wekeni ua, watoto wasitumbukie.

Tusidanganyane: kinamasi hupunguza uchafu, hakiumalizi. Maji yake si ya kunywa. Tena kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi dawa ya shamba wala mbolea. Kwa hiyo pampu ya dawa isioshwe mtoni hata siku moja, na mbolea isiwekwe mvua kubwa ikikaribia.

Kinamasi cha boma moja hakitoshi ikiwa maboma mengine kumi yanamwaga mtoni. Ndiyo maana somo hili ni la kikundi.

Maswali ya kujadili:

- Nani wanateka maji chini ya mashamba yetu? Tumewahi kukaa nao?
- Boma lipi liko karibu zaidi na mto? Tuanze mwethya hapo?
- Nani atakata matete na kuzoa matope mwaka ujao?