Kusini mwa Hispania kwa Treni

Anayetaka kuiona Hispania ya kale aanzie stesheni ya Atocha, Madrid. Reli ya mwendo kasi iliyozinduliwa Aprili 1992 inatoka hapo hadi Córdoba, safari isiyofika saa mbili, kisha Sevilla, dakika 45 mbele. Renfe ya serikali inashindana na Ouigo na Iryo, hivyo anayekata tiketi wiki kadhaa mapema hulipa nauli nafuu zaidi. Afike stesheni nusu saa kabla: mizigo hukaguliwa kwa mashine, na lango hufungwa treni ikiwa bado imesimama.

Wengi hushuka Córdoba asubuhi na kuondoka jioni. Wanajipunja. Ujenzi wa msikiti wake mkuu, Mezquita, ulianzishwa na Abd al-Rahman wa Kwanza katika karne ya 8, na warithi wake wakaupanua kwa takriban miaka 200. Ndani kuna nguzo zaidi ya 800, nyingine zilitolewa kwenye majengo ya Warumi, na juu yake matao ya rangi nyekundu na nyeupe yamepandana mawili mawili. Mwaka 1236 Wakristo waliuteka mji na msikiti ukawa kanisa; karne ya 16 kanisa kuu likajengwa katikati kabisa ya nguzo hizo. Mihrabu ingalipo, imenakshiwa kwa vipande vya rangi ya dhahabu. Anayelala mjini huingia asubuhi mapema, makundi ya watalii yakiwa bado njiani.

Sevilla, mnara wa Giralda nao ulikuwa wa msikiti. Hupandwa kwa njia ya mteremko, si ngazi, jambo linalowafaa wenye magoti mabovu. Julai na Agosti joto huweza kupita nyuzi 40. Aprili au Oktoba ni afadhali.

Granada, tiketi ya ngome ya Alhambra huandikwa jina na saa ya kuingia kwenye makasri ya nasaba ya Wanasri, na huisha mapema. Akiikosa saa hiyo, mgeni hufungiwa nje. Pasipoti iwe mkononi. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alipita Granada miongo miwili hivi baadaye, makasri hayo yakiendelea kujengwa.

Mwenye siku ya ziada Madrid ana Toledo, nusu saa kutoka Atocha. Treni za kasi za Segovia huondokea stesheni nyingine ya Madrid, Chamartín, na stesheni ya Segovia yenyewe iko nje ya mji: basi namba 11 humshusha abiria chini ya mfereji wa mawe wa Warumi.