Kabla ya Kumwita Mgeni, Nakili Daftari

Mwaka 2005, katika kijiji cha Taishi, kusini mwa jiji la Guangzhou, akina bibi walikesha kwenye ofisi ya kijiji wakilinda vitabu vya hesabu. Wanakijiji walimshuku mkuu wa kamati yao kwamba amezila fedha za ardhi ya kijiji. Sheria ya China ya kamati za vijiji iliwapa njia: saini za moja ya tano ya wapiga kura zinatosha kudai kura ya kumwondoa. Wakakusanya zaidi ya 400. Septemba 12 polisi walivamia ofisi, wakachukua vitabu na kuwakamata watu. Kamati ya watu saba iliyochaguliwa kusimamia kura ile ikajiuzulu, na kabla mwezi haujaisha ombi lote likafutwa.

Wafanyabiashara wetu wa Afrika Mashariki wanaokwenda Xiaobei, mtaa wa Guangzhou, kuchukua mzigo hufika jiji hilohilo bila kukijua kijiji hicho. Nakileta hapa kwa sababu kila uchaguzi ukichafuka kwetu, kilio cha kwanza huwa "dunia iko wapi?" Dunia ikija, itauliza karatasi.

Basi anza na karatasi. Kura zikishahesabiwa kituoni, matokeo huandikwa kwenye fomu: Kenya ni 34A, Tanzania fomu ya urais imejulikana kama 21A. Wakala wa chama asitoke bila nakala yake. Raia wa kawaida aisubiri ibandikwe nje, apige picha mbili: moja ya fomu nzima, pembe zote nne zionekane, na nyingine ya karibu inayosomeka jina la kituo, tarakimu, saini na mhuri. Kisha aandike kwa mkono kwenye daftari: saa, kituo, kura za kila mgombea, kura zilizoharibika. Mkono una faida yake. Uganda ilizima intaneti usiku wa kuamkia uchaguzi wa Januari 2021, na Tanzania ikafanya hivyo Oktoba 29, 2025. Daftari halizimwi. Nakala ya pili ilale nyumba nyingine usiku uleule, maana karatasi ikiwa moja tu, anayeichukua amechukua kesi nzima. Wakala akinyimwa nakala, aandike hilo pia: nani alimnyima, kwa cheo gani, saa ngapi, mbele ya nani.

Usidhani mgeni atakufanyia kazi hii. Agosti 2017 waangalizi wa kimataifa nchini Kenya, akiwemo John Kerry, walisifu jinsi upigaji kura ulivyokwenda. Septemba 1 Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa rais, na moja ya mambo makubwa yaliyowashughulisha majaji lilikuwa fomu za matokeo: zilipitishwaje, na nyingine mbona hazina alama za usalama. Mwangalizi hukaa siku chache, huona foleni. Fomu huiona wewe.

Jambo la pili ni gumu zaidi, nalo nataka tulikawilie. Taishi ilipoanza kuandikwa ng'ambo, Lu Banglie, mwanaharakati kutoka Hubei aliyewahi kuongoza harakati kama hizo kijijini kwake, alimpeleka huko mwandishi wa gazeti la Guardian la Uingereza. Ilikuwa Oktoba 8. Kundi la wanaume likawasimamisha njiani, likamtoa Lu garini na kumpiga. Taarifa iliyochapishwa ilimweleza kama mtu aliyekwisha kufa, mwenye majeraha ya kutisha mno. Lu alikuwa hai, na hakuwa na majeraha yale. Gazeti likalazimika kusahihisha. Kipigo kilikuwa cha kweli na kilitosha chenyewe, lakini mjadala ukahama kutoka kwa waliompiga hadi kwa aliyeandika.

Kwa hiyo tenga kurasa mbili kwenye daftari: "nimeona" na "nimeambiwa". Umeona majeruhi wawili, andika wawili. Usijitangazie ushindi pia. Zanzibar, 2015, mgombea urais wa CUF, Maalim Seif Sharif Hamad, alitangaza hesabu za chama chake kabla ya Tume ya Uchaguzi, na mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, alipofuta uchaguzi Oktoba 28 akalitaja hilo miongoni mwa sababu zake. Weka mezani fomu, waache wengine wajumlishe.

Na mlinde mwenyeji. Mwandishi ana pasipoti ya kumtoa. Aliyemwonyesha njia ana mke, shamba na jirani mwenye chuki. Jina lake lisiwe kwenye picha wala ujumbe wa sauti.

Ukiomba shinikizo, taja unachotaka. Machi 2016 shirika la Marekani la MCC lilisitisha msaada wa takriban dola milioni 472 kwa Tanzania, sababu moja kubwa ikiwa uchaguzi huo wa Zanzibar, wakati uchaguzi wa marudio ulikuwa umeshafanyika siku nane nyuma. Waliokosa ni waliongoja umeme vijijini. Omba mambo yanayopimika, na mapema: matokeo ya kila kituo yachapishwe, fulani aliyekamatwa afikishwe mahakamani au aachiwe, intaneti isizimwe.

Nawe uliye Guangzhou, saa tano mbele ya Dar, ukipokea video asubuhi usiisambaze kwanza. Muulize aliyekutumia: ni wapi, lini, nani alirekodi? Kisha mwombe picha ya fomu.