HESABU YA MAKUNDI MATATU YANAYOINGILIANA



Somo la seti wengi wenu mnalikuta sekondari, tena kwa Kiingereza, na mnaliona kuwa ni miduara ya kufaulia mtihani tu. Lakini mtu aliyekabidhiwa mchele wa sadaka augawe mwezi wa Ramadhani analihitaji kuliko mtahiniwa. Akikosea hesabu, kuna nyumba itakosa, na mara nyingi ni ile yenye dhiki kuliko zote. Tuone kwa nini.

Tuseme (ni mfano tu, msianze kuwatafuta majirani) hapa Matwebe zimeandikwa orodha tatu za kaya masikini. Kaya za wajane ni 18, zinazolea yatima 15, zenye mgonjwa wa muda mrefu 12. Zilizomo katika orodha ya wajane na pia ya yatima ni 8, wajane na wagonjwa 6, yatima na wagonjwa 5. Kaya 3 zimo katika orodha zote tatu. Kila kaya ipate kilo 5 za mchele wa Kyela. Tununue kilo ngapi?

Mwenye haraka atajumlisha: 18 + 15 + 12 = 45, yaani kilo 225. Amekosea, kwa sababu mjane anayelea yatima ameandikwa mara mbili.

Mwingine atasema, basi tuwatoe waliojirudia: 8 + 6 + 5 = 19, na 45 – 19 = 26. Huyu anaonekana hodari, na wengi huishia hapo. Sasa zifuatilie zile kaya 3. Katika kujumlisha zilihesabiwa mara tatu, mara moja kwa kila orodha. Katika kutoa, zilikuwa ndani ya 8, ndani ya 6 na ndani ya 5, hivyo zimetolewa mara tatu. Tatu toa tatu ni sifuri. Nyumba yenye ujane, yatima na ugonjwa kwa pamoja imefutika kabisa kwenye hesabu! Kwa hiyo lazima tuzirudishe: 26 + 3 = 29. Mchele ni kilo 145.

Kanuni ndiyo hiyo: jumlisha makundi, toa yanapokutana mawili mawili, kisha rudisha panapokutana yote matatu.

Ukitaka kujua nani yuko wapi, chora miduara mitatu inayopishana, kama alivyofanya Mwingereza John Venn mwaka 1880. Anza katikati, usianze pembeni. Weka 3. Wajane na yatima ni 8, lakini 3 tayari wamo katikati, hivyo sehemu yao inabaki 5. Vivyo hivyo wajane na wagonjwa inabaki 3, yatima na wagonjwa 2. Kisha wajane peke yao: 18 – 3 – 5 – 3 = 7. Yatima peke yao 5, wagonjwa peke yao 4. Jumlisha sehemu zote saba: 3 + 5 + 3 + 2 + 7 + 5 + 4 = 29. Njia mbili, jibu moja.

Neno dogo linaloangusha wanafunzi ni "tu". Swali likisema "wajane na yatima tu ni 8", zile 3 hazimo ndani yake, na hesabu yote inabadilika. Soma swali mara mbili kabla ya kushika kalamu.

Wazee wetu wa elimu hawakuitenga hesabu na haki za watu. Al-Khwarizmi, katika kitabu chake cha aljebra cha karne ya 9, alitenga sehemu kubwa kwa masuala ya wasia na mirathi.

Zoezi: Kaya 50 za wakulima Rungwe, kila moja inalima angalau zao moja kati ya haya matatu. Chai 30, ndizi 28, parachichi 20. Chai na ndizi 15, ndizi na parachichi 10, chai na parachichi 9. Ni kaya ngapi zinalima yote matatu, na ngapi zinalima mazao mawili tu? Ukipata namba iliyo chini ya sifuri katika sehemu yoyote ya mchoro, futa uanze tena katikati.