KOMPYUTA IKIJIKOKOTA, TUSIKIMBILIE KUSAFISHA REJISTA

Siku hizi vikundi vingi vina kompyuta, na nyingi ni zile zilizotumika kwanza na wengine. Ndani yake tumeweka majina ya wanachama, michango, mikopo, hata ripoti za mradi wa maji. Kompyuta hiyo ikianza kujikokota, kila mtu huja na dawa yake. Dawa inayopendwa sana ni programu ya "kusafisha rejista". Katika somo hili tuangalie kama dawa hiyo inatibu huo ugonjwa.

Yaliyotupata sisi

Kompyuta ya ofisi yetu ilikuwa inachukua dakika kumi kuwaka. Kijana mmoja, tena kwa nia njema, akatuwekea programu ya bure. Ikazunguka kidogo, halafu ikatuambia imepata makosa zaidi ya mia nane. Tukashtuka. Kumbe machache tu ndiyo ya bure. Mengine tulipe kwanza. Tukalipa. Kesho yake kompyuta ilikuwa pole pole vile vile, printa imekataa kazi, na programu ya hesabu za mikopo haifunguki. Hiyo ilikuwa wiki ya mkutano wa mwaka! Mweka hazina alikesha siku mbili akinakili hesabu kutoka vitabu vya karatasi. Bila vitabu hivyo, tungewaambia wanachama nini juu ya pesa zao?

Rejista ni nini?

Rejista ni daftari la Windows. Ilianza ikiwa ndogo katika Windows 3.1 mwaka wa 1992, ikapanuliwa sana katika Windows 95. Humo huandikwa mipangilio ya programu na vifaa: printa ni ipi, faili hii ifunguliwe na programu gani. Ukiondoa programu, mara nyingi maandishi yake mengine hubaki. Hayo mabaki ndiyo tunayoambiwa ni "makosa".

Sasa fikiria daftari la wanachama wa ushirika. Wako waliohama zamani na majina yao yangali mle. Je, yanamchelewesha karani akitafuta jina lako? La, yeye hufungua ukurasa wako moja kwa moja. Windows nayo haisomi daftari lote kila inapotaka neno moja. Kufuta mabaki mia chache kati ya maelfu na maelfu ni kama kuteka kikombe kimoja mtoni. Lakini karani akirarua kwa makosa ukurasa wa mwanachama aliye hai, hisa zake zitajulikanaje? Hatari iko hapo.

Microsoft, wenye Windows, walikuwa na programu yao ya RegClean miaka ya 1990, wakaiacha. Leo wanasema hawaungi mkono programu za namna hii, na kwamba madhara yake huenda yasirekebishike. Tena wako wanaofanya biashara ya hofu. Machi 2024, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni mbili za Cyprus, Restoro na Reimage, zitalipa dola milioni 26. Zilishtakiwa kwa kuwatisha watu kwa maonyo ya uongo ili wanunue huduma za kutengeneza kompyuta.

Tufanye nini basi?

1. Weka nakala kwanza. Nakili hesabu zote kwenye flashi au diski ya nje, uihifadhi nyumba nyingine.

2. Washa upya. Katika Windows 10 na 11 chagua "Restart". Kuzima kwa kawaida mara nyingi hakuondoi kila kitu kwenye memori.

3. Punguza programu zinazojiamsha. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, nenda "Startup", uzime zile usizohitaji.

4. Ongeza nafasi. Ondoa programu zisizotumika, na uhamishe video na picha. Diski iliyojaa pomoni huichosha kompyuta.

5. Tafuta virusi. Windows 10 na 11 huja na kinga yao wenyewe, Windows Security. Hailipiwi.

6. Toa vumbi. Zima, chomoa waya wa stima, safisha matundu ya hewa kwa brashi laini. Kompyuta ikipata joto sana, hupunguza mwendo yenyewe.

7. Pesa ikipatikana, ongeza memori, au badilisha diski ya zamani inayozunguka uweke ya SSD. Kwa kompyuta nzee hii mara nyingi ndiyo tofauti kubwa kuliko zote. Pesa tulizolipia "usafi" afadhali zingekaa kwenye mfuko huu.

Na kama umeshasafisha na mambo yameharibika, usisafishe mara ya pili. Mwambie fundi ajaribu System Restore, ambayo inaweza kurudisha mipangilio ya siku za nyuma, kama ilikuwa imewashwa.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Kompyuta yetu ikifa leo usiku, kesho tutajuaje nani anadaiwa na nani amelipa?

2. Nani kati yetu ana ruhusa ya kuweka programu mpya, na anamuuliza nani kwanza?

3. Nakala ya mwisho ya hesabu zetu iliwekwa lini, na iko wapi?