Usimwekee Sungura Kila Kitu kwenye Bakuli

Mwaka jana nilipokuwa fildi nilipanga chumba uani kwa mama mmoja mtu mzima, jirani na shule niliyopangiwa kufundisha. Mjukuu wake wa darasa la tatu alikuwa na sungura wawili, Pamba na Kahawa. Kila jioni alinipokea getini: "Shikamoo mwalimu, leo umewaletea nini?" Nami nilikuwa nawaletea karoti. Karoti nzima, kila mmoja ya kwake, maana tangu utotoni katuni zote nilizoangalia sungura kashika karoti. Siku nisipoleta, walikula mkate uliobaki kwenye chai ya asubuhi. Majani waliwekewa mtu akikumbuka.

Jumapili moja Pamba alijikunja kwenye kona ya banda. Hakula kitu tangu mchana, na chini yake hakukuwa na kinyesi hata kimoja. Mtoto akaniuliza, "Mwalimu, anaumwa?" Nikamjibu kwamba amechoka tu, tumwache apumzike, kesho atakuwa sawa. Asubuhi tulimkuta amekufa.

Afisa mifugo alipokuja kumwangalia Kahawa hakunifokea, ila maswali yake yalitosha. Anakula nini? Majani kiasi gani? Siku nzima anafanya nini humo ndani? Nilipomaliza kujibu nilikuwa nimeshaelewa. Yule mtoto aliniamini kwa sababu mimi ni mwalimu, na nilichomfundisha hakikuwa sahihi. Ndiyo maana naandika somo hili, kwa wenzangu wanaofuga sungura au simbilisi geto, na wale ambao wadogo zao wanafuga nyumbani.

Kwanza, tumbo lenyewe

Sungura ni mla majani. Utumbo wake unahitaji nyuzinyuzi nyingi ili usukume chakula muda wote. Nyuzinyuzi zikipungua na sukari au wanga ukizidi, tumbo hupunguza mwendo na mwishowe husimama. Tena sungura hawezi kutapika, kwa hiyo kilichoingia lazima kipite njia moja tu. Meno yake nayo huota maisha yake yote, na kinachoyasaga ni kutafuna majani magumu kwa saa nyingi.

Kwa hiyo majani, mabichi au makavu, ndiyo ugali wake. Kwa sungura mkubwa yawe zaidi ya robo tatu ya chakula chote, na yasikosekane usiku na mchana. Mboga ni kitoweo: mkono mmoja au miwili kwa siku, za aina tofauti. Kwetu hazina shida kupatikana: matembele, majani ya karoti, majani ya figili, giligilani, mchunga, mashona nguo machanga, majani ya mforsadi. Sukuma wiki na kabichi mpe kidogo kwa sababu huweza kumjaza gesi. Mchicha mpe kwa zamu na mboga nyingine, usiwe huo huo kila siku. Karoti yenyewe ni peremende yake: kipande kama ncha ya kidole, mara mbili tatu kwa wiki, basi. Ndizi na embe ni vivyo hivyo.

Simbilisi anakula karibu sawa na sungura, ila kuna tofauti moja kubwa. Mwili wake hauwezi kutengeneza vitamini C, kama sisi binadamu. Asipoipata kwenye chakula anaumwa, anavimba viungo, anashindwa hata kutembea. Kipande cha pilipili hoho kila siku kinamsaidia sana.

Pili, kwa nini atafute?

Hapa ndipo niliposhangaa. Baada ya kubadilisha chakula nilidhani kazi imekwisha. Kahawa alikuwa anakula vizuri, lakini akishiba anaanza kung'ata waya za banda, usiku kucha, kwa-kwa-kwa. Nikakumbuka swali la afisa mifugo: siku nzima anafanya nini?

Sungura wa porini hutumia saa nyingi akitembea, akinusa, akichagua jani hili na kuacha lile. Sisi tunamwekea kila kitu kwenye bakuli, anamaliza haraka, kisha anabaki na siku nzima tupu.

Wanafunzi wa elimu wote tumekaririshwa habari za panya wa Skinner wanaobonyeza kitufe wapate chakula. Tulielewa kwamba wanabonyeza kwa sababu wana njaa. Lakini mwaka 1963 mtafiti Glen Jensen aliwawekea panya chakula cha bure kwenye kibakuli, na pembeni akaweka kitufe cha kubonyeza ili wapate chakula kile kile. Panya wengi waliendelea kubonyeza na kupata sehemu ya chakula chao kwa jasho, wakati cha bure kipo hapo hapo. Jambo hili limeonekana baadaye kwa wanyama wengine wengi. Kumbe kutafuta chenyewe ni hitaji.

Na hatuhitaji kwenda mbali. Pale SUA, Morogoro, shirika la APOPO linawafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya akipatia anasikia mlio mfupi, kisha anapewa kitu kitamu kama ndizi au karanga. Pua yake inapewa kazi, na kazi inalipwa.

Michezo ambayo haihitaji bumu

Hii tuliijaribu na Kahawa, na haikutugharimu hata shilingi mia.

1. Kutawanya. Badala ya bakuli, nyunyiza mboga zilizokatwakatwa ndani ya rundo la majani makavu. Azifukue mwenyewe.

2. Kibomba. Toileti pepa ikiisha, chukua kile kibomba cha karatasi ngumu, kijaze majani makavu, katikati chomeka jani moja la giligilani. Atakisukuma, atakirusha, atakichana.

3. Kuning'iniza. Funga fungu la matembele kwenye ukuta wa banda, juu kidogo ya kichwa chake, ajinyooshe kulifikia. Lisiwe juu sana, na usitumie kamba ndefu inayoweza kumnasa shingo.

4. Trei ya mayai. Iwe ya karatasi na iwe safi. Weka vipande vidogo kwenye baadhi ya vishimo, kisha funika kwa majani.

5. Boksi la kufukua. Toboa boksi milango miwili, jaza majani makavu na karatasi zilizochanwa, ficha mboga chini.

Kama mwalimu anavyopanga somo, anza na rahisi. Siku ya kwanza chakula kionekane nusu. Akishajua, ficha zaidi. Akishindwa na kuacha, umemzidishia, rudi nyuma hatua moja. Na majani yake ya kawaida yabaki pembeni muda wote, maana huu ni mchezo, si kumshindisha njaa.

Tahadhari

Ondoa gundi, selotepu na pini kwenye maboksi. Usimpe parachichi, tunda wala jani lake, vitunguu, chokoleti, wala majani ya nyanya na viazi mviringo. Majani ya lantana, ile yenye maua ya rangi rangi kwenye uzio, ni sumu. Usichume kandokando ya barabara, wala shamba lililopuliziwa dawa, wala pale mbwa wanapokojoa. Osha, kung'uta maji, na chochote chenye ukungu tupa. Mboga mpya mpe moja moja, kidogo, kisha angalia kinyesi chake siku inayofuata kabla ya kuongeza.

Na hili naomba ulishike hata ukisahau mengine yote: sungura au simbilisi akiacha kula na kupata choo kwa nusu siku, hajachoka. Mtafute daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, usisubiri asubuhi.

Wiki mbili baada ya kuanza michezo hii, Kahawa aliacha kung'ata waya usiku. Alikuwa na kazi nyingine. Siku ya mwisho kabla sijarudi chuoni, mtoto alikuwa anajaza kibomba chake akaniuliza, "Mwalimu, tungejua haya mapema, Pamba angekuwepo?"

Nikamwambia huenda angekuwepo. Nikamwambia pia kwamba karoti nilileta mimi, na kusubiri asubuhi nilisema mimi. Alinyamaza kidogo, akamaliza kujaza kibomba, akanipa nikiweke bandani.