Malengo ya Mataifa na Zebaki ya Geita

Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulipatana juu ya malengo 17, yapate kutimizwa kufika mwaka 2030. La kwanza ni kukomesha umaskini. La tatu ni afya. La sita ni maji safi. Wengi huyasikia kama mambo ya wakubwa wa mbali. Walakini hapa Kalangalala, na katika nchi yote ya dhahabu ya Geita, malengo hayo matatu hukutana ndani ya karai moja la mchimbaji.

Tuangalie jinsi yake. Mchimbaji mdogo husaga mawe, huosha mchanga, kisha hutia zebaki. Zebaki hushikana na chembe za dhahabu, zikawa donge moja. Donge likichomwa, zebaki hupaa kama mvuke, na dhahabu husalia. Mvuke huo hauna harufu, lakini ukivutwa hudhuru ubongo na mafigo. Dalili yake mojawapo ni kutetemeka mikono. Nao uliopaa hurudi chini, ukaingia majini. Humo vijidudu huugeuza kuwa sumu kali zaidi, nayo huingia katika samaki, na kwa samaki huingia katika mama mwenye mimba, na kwa mama humfikia mtoto asiyezaliwa bado.

Haya yamekwisha kuonekana. Huko Minamata, katika nchi ya Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini miaka mingi. Ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1956: waliokula samaki walipatwa na kupooza, na watoto walizaliwa wenye kilema. Mwaka 2013 mataifa yalifanya mapatano yenye jina la mji huo, na Tanzania iliyathibitisha mwaka 2020. Mapatano hayo yaagiza kukomesha uchomaji wa donge hadharani na katika makazi ya watu, tena kuwalinda watoto na wanawake wenye mimba.

Labda mtu atauliza, “Nikiacha zebaki, wanangu watakula nini?” Swali hili ni la haki, maana lengo la kwanza ni lake pia. Lakini mkate unaopatikana kwa kumdhuru mtoto haujamwondolea umaskini. Umeuahirisha tu, hata yeye akue aulipe.

Basi yako mambo yanayowezekana sasa. Donge na lichomwe katika chombo kilichofunikwa chenye bomba, mvuke upoe na kurudi kuwa zebaki, itumike tena. Hapo mchimbaji huokoa pia fedha yake. Lisichomwe jikoni kamwe, wala katika chombo cha chakula. Maji ya kuoshea yasimwagwe mtoni. Watoto wakae mbali na kazi hiyo.

Maswali ya kujifunza:
1. Zebaki yatokaje katika karai hata kumfikia mtoto tumboni?
2. Katika mtaa wako donge huchomwa wapi, na nani wako karibu?
3. Ni nani atakayeanza kusema nao, na kwa maneno gani?